Hoja ya Sababu Haidhoofishwi kwa Ubishi

Anayejiandaa kwa mtihani wa GMAT, wa kuombea nafasi katika shule za biashara, au LSAT kwa wanaotaka kusomea sheria Marekani, hukutana mapema na swali la namna hii: anapewa hoja fupi inayodai kuwa jambo fulani ndilo lililosababisha jingine, kisha anaulizwa ni chaguo lipi kati ya matano, likichukuliwa kuwa kweli, linaidhoofisha zaidi. Sehemu ya lugha ya GMAT ya sasa ina maswali 23 kwa dakika 45. Hakuna muda wa kusuasua, na ndiyo maana watahiniwa hurithishana kanuni za mkato. Nyingi ni mbovu, na huwaangusha hasa waliozikariri kwa bidii.

"Jibu sahihi lazima lithibitishe kwamba hitimisho ni la uongo." Si kweli. Tazama kisa cha London mwaka 1854. Kipindupindu kililipuka eneo la Soho mwishoni mwa Agosti, na daktari John Snow akayashuku maji ya pampu ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uling'olewa, na ugonjwa ukaisha. Mpaka leo watu husimulia kuwa kuondolewa kwa mpini ndiko kulikookoa mtaa. Sasa ongeza jambo moja: wagonjwa wapya walikuwa wamepungua sana kabla ya siku hiyo, na wakazi wengi walikuwa wamekwisha kukimbia. Je, hilo linathibitisha kuwa hatua ile haikusaidia? Hapana, kwani huenda ilizuia mlipuko wa pili. Lakini hatuwezi tena kuiamini simulizi kwa kiwango kilekile, na hicho tu ndicho swali linachotaka. Aliyeandika kwamba ugonjwa ulikuwa umekwisha kupungua ni Snow mwenyewe, aliyekuwa na kila sababu ya kujipa sifa. Namheshimu zaidi kwa hilo kuliko kwa mpini.

"Ukitaka kudhoofisha hoja, kanusha ushahidi wake." Hii nayo hupoteza alama nyingi. Ukiambiwa kuwa ajali zilipungua, zilipungua. Usibishane na takwimu. Kinachoshambuliwa ni hatua ya kutoka kwenye takwimu hadi kwenye sababu.

"Taja sababu nyingine yoyote, hoja imekwisha." Hapa ndipo hata mtahiniwa mzuri huteleza, kwa hiyo tukae kidogo. Chukua swali hili nililolitunga: wilaya moja ilianza kuwapa wanafunzi uji shuleni mwezi Januari, na kufikia Juni mahudhurio yalikuwa juu kuliko miezi hiyohiyo ya mwaka uliotangulia; kwa hiyo uji ndio uliowavuta watoto. Chaguo la kwanza linasema malaria huwafanya watoto wengi wa wilaya hiyo wakose shule. La pili linasema mwaka uliotangulia mafuriko yalikata barabara za wilaya hiyo kwa wiki kadhaa. Wengi hukimbilia malaria, kwa kuwa ni sababu halisi na kila mtu anaijua. Lakini hatujaambiwa kuwa malaria ilipungua mwaka wa uji. Kama ilikuwepo miaka yote miwili kwa kiasi kilekile, haielezi kwa nini mahudhurio yalibadilika. Mafuriko yanaeleza: mwaka tunaolinganisha nao haukuwa wa kawaida, na mahudhurio yangepanda hata bila kikombe kimoja cha uji. Sababu mbadala inafaa pale tu inapotofautiana kati ya pande mbili zinazolinganishwa. Ukikumbuka kuuliza "hii ilibadilika wakati gani, na kwa nani?", nusu ya machaguo ya kupoteza watu yataanguka yenyewe.

"Mfano mmoja wa kinyume unatosha." Babu aliyevuta sigara hadi akafika miaka tisini haidhoofishi hoja kwamba sigara husababisha saratani, kwa sababu hoja hiyo haisemi kila mvutaji ataugua. Mfano wa kinyume hupata uzito pale mazingira mengine yanapofanana. Turudi Soho. Wakati ule wengi waliamini kipindupindu huletwa na hewa chafu. Snow alionyesha kuwa kiwanda cha bia cha Broad Street kilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna aliyekufa kwa ugonjwa huo. Walipewa bia, wala hawakuhitaji maji ya pampu. Nyumba ya maskini iliyokuwa karibu ilikuwa na kisima chake, na kati ya watu 535 walikufa 5 tu. Wote hao waliivuta hewa ileile. Kisha akaja mjane wa Hampstead, mbali na Soho, aliyeyapenda maji ya Broad Street kiasi cha kuletewa chupa kwa gari la farasi. Aliyanywa akafa, ingawa hewa ya Soho haikumfikia. Sababu ipo, matokeo hayapo. Matokeo yapo, sababu haipo. Hoja ya hewa chafu ilipigwa pande zote mbili.

"Chaguo lenye maneno makali ni la kukwepa." Labda katika maswali ya kuhitimisha. Hapa umeambiwa ulichukue kila chaguo kuwa kweli, kwa hiyo neno kali huongeza nguvu. Lililo dhaifu mara nyingi ni lile la "baadhi".

"Kugeuza sababu na matokeo ni hila ya watunga mitihani; nje ya ukumbi haina kazi." Katika miaka ya 1950, baada ya Richard Doll na Austin Bradford Hill kuonyesha uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu, Ronald Fisher, mmoja wa wanatakwimu wakubwa kabisa wa karne ile, alitumia mbinu hiyohiyo. Alisema huenda mwasho wa mapafu yanayoanza kuugua ndio unaomsukuma mtu kuvuta, au kuna urithi wa mwilini unaoleta vyote viwili. Kimantiki lilikuwa shambulio halali, na lilistahili jibu la kimantiki. Jibu lilikuja mwaka 1959 kutoka kwa Jerome Cornfield na wenzake: ikiwa wavutaji wako katika hatari mara tisa ya wasiovuta, na sigara haina hatia, basi hiyo sababu iliyojificha lazima iwe imeenea miongoni mwa wavutaji angalau mara tisa zaidi. Hakuna aliyeweza kuionyesha.