Kuku wa Kijapani na Chupa ya Mirin

Pishi la ugenini ni mgeni kama wageni wengine: tunamkaribisha, lakini viatu huvuliwa mlangoni. Nasema haya kwa ajili ya kuku wa teriyaki, pishi la Kijapani ambalo siku hizi hupikwa pia kwa chungu cha umeme cha moto wa polepole. Mtu humtia kuku asubuhi akenda zake kazini, akirudi jioni chakula ki tayari. Kwa siku za kazi hiyo ni neema, nami siipingi.

Ninaloipinga ni chupa ya mirin. Mchuzi wa teriyaki hutengenezwa kwa sosi ya soya, sukari, na mirin au sake. Sake ni pombe ya mchele. Mirin nayo ni tamu, lakini ile ya asili ina pombe kiasi cha asilimia 14. Wako wanaojitetea kwamba pombe yote huruka na mvuke. Si kweli. Wataalamu wa Marekani walipima wakaona kwamba chakula kilichotokoswa saa nzima bado chaweza kubakiwa na kama robo ya pombe iliyotiwa. Na chungu hiki hufunikwa kutwa, mvuke ukapanda na kurudi ndani. Nasi tumefundishwa tangu chuoni: kinacholevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu.

Je, bila mirin pishi litaharibika? Hata kidogo! Jina lenyewe latueleza: teri ni mng'aro, yaki ni kuchoma. Mirin hutiwa kwa utamu na mng'aro, na asali huyaweza yote mawili. Chukua mapaja ya kuku kilo moja na nusu, yasiwe na barafu. Tia nusu kikombe cha sosi ya soya, vijiko vitatu vya asali, tangawizi na thomu zilizopondwa. Chumvi usitie, soya inayo ya kutosha. Wala maji usiongeze, kuku atatoa yake. Funika kwa moto mdogo saa tano au sita. Kisha mimina mchuzi katika kaango, uuchemshe mpaka uwe mzito, ummwagie kuku. Usipofanya hivyo hupati mng'aro, umepata kuku wa kuchemsha tu. Mwisho kamulia ndimu, ule kwa wali.

Lakini isome karatasi ya chupa ya soya kabla ya kununua, kwani baadhi ya viwanda huongeza pombe ili isiharibike.

Wajapani wenyewe hawatatushangaa. Mwaka 675 mfalme wao Tenmu alikataza watu kula ng'ombe, farasi, mbwa, kima na kuku kwa miezi kadhaa ya mwaka. Na chungu chenyewe kina asili ya dini. Irving Naxon, Myahudi wa Marekani aliyepata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1940, alipata wazo hilo katika cholent, pishi linalotiwa motoni kabla ya Sabato likaiva polepole, ili watu wasipike siku hiyo.

Basi chombo kilichotokana na watu kutii amri ya Mola wao, haifai sisi tukitumie kuivunja yetu.