MLEVI ASIACHIWE MKEWE



Mwenzetu akishikwa na pombe, desturi yetu ni kumnunulia chupa siku ya mshahara, kisha kumchangia nauli ya kurudi kwao siku ya kufukuzwa. Mzigo wote humwangukia mkewe, ambaye huficha fedha za unga na kumwambia msimamizi kuwa mume ana homa.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 44, yampa mwajiri nafasi ya kumfukuza mara moja mtu aliyelewa kazini hata asiweze kazi yake. Lakini kifungu cha 41 chataka asikilizwe kwanza, akiwa na mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama. Basi asiingie peke yake. Wala mwakilishi asiende kutetea ulevi. Aombe ruhusa ya matibabu.

Na jamaa wasimfungie chumbani. Aliyezoea kunywa sana kila siku, akiacha ghafula hutetemeka, pengine hushikwa na kifafa, hata kufa. Apelekwe hospitali.

Akirudi ndipo kazi huanza. Huko Marekani mwaka 1935 walevi wawili, mmoja wao daktari, walianza kusaidiana wasinywe. Hiyo ndiyo Alcoholics Anonymous. Mwaka 1951 jamaa za walevi wakaanzisha Al-Anon. Sisi twaweza kuanza na jambo dogo: jioni ya mshahara watu wawili wa zamu yake, wasiokunywa, wakae naye nyumbani, chai iwepo. Atakayemletea chupa aambiwe usoni atoke.

Simu ya NACADA ni 1192, bila malipo.