"Katafuteni Intaneti" Siyo Somo



Ndugu wazazi, walimu na wanafunzi, kuna kazi ambayo watoto wetu huja nayo nyumbani mara kwa mara: "Katafuteni intaneti habari za Uislamu Afrika Mashariki." Basi. Mtoto anachukua simu ya baba, ananakili ukurasa wa kwanza anaokutana nao, anaandika jina lake juu. Mwalimu anampa 8 kati ya 10. Hapo nani amefundisha, na nani amesoma?

Wapo wanaosema dawa ni kumnyang'anya mtoto simu. Sikubaliani nao. Swali la kivivu huzaa jibu la kunakili, hata ukimpeleka mtoto maktaba.

Njia bora ipo, wala si mpya. Mwaka 1995 Bernie Dodge wa San Diego State University, Marekani, pamoja na Tom March, walianzisha mpango wa somo uitwao WebQuest. Mwalimu anatangulia kuchagua kurasa, anatoa kazi ya kufikiri, anaonyesha hatua, na anaeleza mapema atakavyosahihisha.

Tuchukue mfano wa hapa Bujumbura. Swali liwe: Uislamu ulitufikiaje kutoka pwani, na tunajuaje? Mmoja asome kuhusu maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria (1107 Miladia). Wa pili asome safari ya Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Wa tatu awaulize wazee wa Buyenzi walichosimuliwa na babu zao. Kisha wakae pamoja: nani aliona kwa macho yake, na nani alisikia tu? Jibu hilo hakuna ukurasa wa kulinakili.

Na hili lilikuwa letu kabla ya kompyuta. Surat al-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuifuata. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 256 Hijria, alizunguka miji mingi akitafuta hadithi, na kila moja aliichunguza nani kaipokea kwa nani. Mtoto anayenakili bila kuuliza nani kasema ameiacha njia hiyo, hata kama somo lake ni la dini.

Mwalimu, ukitoa kazi, toa na kurasa ulizozisoma mwenyewe. Nawe mzazi, usiishie kuuliza "umemaliza?" Uliza: "Nani kasema, naye kajuaje?" Akishindwa kujibu, kazi bado.