Ndege Haina Ctrl-Z

Leo naacha tarakilishi kando kidogo niongee kuhusu ndege, ingawa mnanijua, nitarudi kwenye programu kabla hatujafika mbali.

Kila baada ya miaka michache gazeti hutuletea habari ileile. Kijana fulani, aghalabu wa mashambani, ameunda ndege nyuma ya nyumba ya mamake. Pichani ameketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya vyuma vya kuchomelewa, injini ya pikipiki iko mgongoni, watoto wa shule wamemzunguka. Mwandishi anatueleza kwamba kijana hakufunzwa na mtu, kila kitu kimetoka kichwani mwake. Mheshimiwa fulani anaahidi kumsaidia. Kisha kimya, mpaka apatikane kijana mwingine. Mwaka 2010 ilikuwa zamu yetu sisi watu wa kompyuta, kwa sababu mjenzi alikuwa mtaalamu wa IT aliyechota maarifa kwenye intaneti na kufunga injini ya Toyota.

Habari kama hiyo ikitoka, Wakenya hugawanyika mara mbili. Wapo wanaopiga makofi na kusema huyu ni gwiji, serikali imekaa tu. Wapo wanaocheka na kusema huyo ni mwendawazimu wa kuchomelea vitanda. Mimi naona pande zote mbili zinakosea mahali pamoja. Wote wanadhani swali ni kama kijana ana akili. Akili anayo, hilo halina ubishi. Swali langu ni jingine kabisa: nani ameikagua kazi yake?

Kule Marekani kujenga ndege nyumbani ni jambo la kawaida mno. Kuna chama chao kinachoitwa EAA, kilianzishwa mwaka 1953 katika jimbo la Wisconsin, na kila mwezi wa Julai wanachama hukutana mji wa Oshkosh wakiwa na ndege kwa maelfu. Kampuni moja tu ya vifaa vya kujengea, Van's Aircraft ya Oregon, ina ndege zaidi ya 11,000 ambazo zimekamilika na kuruka. Na waliozijenga si wahandisi wa NASA. Ni walimu, madaktari wa meno, mafundi wa mabomba, wastaafu, na ndiyo, waandishi wa programu pia. Wamejenga kwenye gereji ya nyumba, gari likilala nje kwenye theluji.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo magazeti yetu hayaigusi. Wengi wa watu hawa hawajavumbua chochote. Wamenunua michoro, au wamenunua kifurushi cha vipande, halafu wakafuata maagizo ukurasa kwa ukurasa. Sheria yao inasema mjenzi wa nyumbani lazima afanye sehemu kubwa ya kazi mwenyewe, ndiyo maana huitwa kanuni ya asilimia 51, na awe anajenga kwa ajili ya elimu au burudani yake tu. Napenda sana hayo maneno mawili. Serikali imeandika kwenye sheria kwamba burudani ni sababu halali ya kujenga ndege!

Kifurushi cha Van's huchukua kama saa 1,500 hadi 2,000 za kazi. Ukipata saa 10 kwa wiki, baada ya kazi ya ofisi na kabla mke hajakasirika, hiyo ni miaka mitatu hadi minne. Kazi yenyewe ni kutoboa tundu, kulainisha kingo za tundu, kufunga riveti (vile vipande vya chuma kama vinavyoshika mkono wa sufuria), kisha kurudia. Riveti huzidi 10,000. Ukiharibu moja unaitoboa na kuweka nyingine. Katikati ya kazi hiyo hutembelewa na wazee wa chama, watu waliokwisha kujenga zao, ambao huangalia kabla bawa halijafunikwa, maana likishafunikwa hakuna wa kuona ndani tena. Wanafanya bure. Mwisho huja mkaguzi rasmi, na hata akitia sahihi, ndege hufungiwa kwenye eneo fulani la majaribio kwa saa 25 au 40 kutegemea aina ya injini, bila kubeba abiria wa kutalii. Ubavuni imeandikwa kwamba ni ya majaribio, na kibandiko ndani kinamwambia abiria kwamba haikukidhi masharti ya ndege za kiwandani.

Mtu ataniambia, ndugu yangu, na wale Wright je? Wale walikuwa mafundi wa baiskeli, hawakuwa na chuo. Kweli. Lakini tunawasimulia vibaya. Orville na Wilbur Wright walianza na vyombo visivyo na injini mwaka 1900, wakajaribu tena 1901, na matokeo yakawavunja moyo kwa sababu mabawa yalibeba pungufu ya hesabu walizorithi kwa waliowatangulia. Unajua walifanya nini? Walirudi Dayton wakatengeneza sanduku lenye feni upande mmoja, wakapima humo maumbo madogo ya mabawa karibu 200, moja baada ya jingine, wakiandika namba. Chombo cha 1902 kilitokana na namba hizo. Injini ilikuja mwishoni. Siku ya 17 Desemba 1903, ile safari ya kwanza ya sekunde 12 ilikuwa mavuno ya miaka minne ya kupima. Vijana wetu wa magazetini huanza na injini kwa sababu injini ndiyo inayopiga kelele na kuita watu.

Na hebu tuiguse hiyo injini, kwa sababu hapa hesabu ya darasa la nane inatosha. Chukua pangaboi lenye upana wa mita 1.8 kutoka ncha hadi ncha. Likizunguka mara 2,700 kwa dakika, ambayo ndiyo kasi ya juu ya injini nyingi ndogo za ndege, hiyo ni mara 45 kwa sekunde. Zidisha 3.14 kwa 1.8 kwa 45, unapata ncha inakwenda mita 254 kwa sekunde. Vizuri. Injini nyingi za gari za leo hutoa nguvu zake zote karibu na mizunguko 6,000. Ukilifunga pangaboi hilo moja kwa moja, ncha itatakiwa kwenda mita 565 kwa sekunde, na sauti yenyewe husafiri kama mita 340. Ncha ikikaribia kasi ya sauti, pangaboi linapiga kelele nyingi na kuvuta kidogo. Usipofika huko, basi unazungusha injini polepole na nguvu uliyohesabu hukuipata. Kwa hiyo unahitaji gia za kupunguza mzunguko, na gia ni uzito, na ni kitu kingine cha kuvunjika.

Simaanishi kwamba injini ya gari haiwezi. Bernard Pietenpol, fundi wa kijijini huko Minnesota aliyejifunza mwenyewe, alirusha ndege yake ya mbao kwa injini ya Ford Model A miaka karibu 100 iliyopita. Lakini ile Ford ilitoa nguvu zake 40 za farasi kwenye mizunguko 2,200 tu, ikapatana na pangaboi bila gia. Namba ziliingiana. Tena Pietenpol aliacha michoro, ikachapishwa mwaka 1932, na mpaka leo watu wanajenga ndege ile. Huyu ndiye angenifurahisha akitokea Nyandarua au Kisii: mtu ambaye jirani yake anaweza kuijenga ndege yake bila kumpigia simu.

Nilisema nitarudi kwenye programu. Sisi tunaoandika programu tumezoeshwa tabia moja: toa toleo la kwanza haraka, watumiaji watakuonyesha kasoro, kesho utarekebisha. Kwa tovuti ya kuuza viatu ni sawa. Nimeona wenzangu wakiongea kuhusu kujenga ndege au droni kubwa ya kubeba mtu kwa lugha hiyohiyo, nami hunisisimka nywele. Futi 500 juu ya ardhi hakuna Ctrl-Z.

Mfano ninaourudia siku zote ni kifo cha John Denver, mwimbaji wa kantri ambaye Wakenya wengi wanamjua vizuri kuliko Wamarekani wa rika langu. Alikufa tarehe 12 Oktoba 1997 baada ya ndege yake kuanguka kwenye ghuba ya Monterey, California. Ilikuwa Long-EZ, ndege ya kujijengea iliyobuniwa na Burt Rutan, mmoja wa wabunifu wakubwa kabisa wa ndege wa karne iliyopita. Denver hakuijenga, alikuwa ameinunua karibuni ikiwa imetumika.

Long-EZ ina matangi mawili ya mafuta, na rubani huchagua lipi litumike kwa kugeuza kishikio cha vali. Kwenye michoro ya Rutan kishikio kiko mbele, katikati ya miguu ya rubani. Mjenzi wa ndege ile aliamua kukiweka nyuma ya bega la kushoto. Na msidhani alikuwa mjinga. Alitaka mabomba ya mafuta yasipite ndani mahali rubani anapokaa, na kwa kweli nani anataka petroli katikati ya miguu yake? Ukinionyesha mabadiliko hayo kwenye karatasi, pengine ningeyapitisha.

Lakini kukifikia kishikio kile rubani alilazimika kugeuka mwili mzima, na mtu akigeuka hivyo mguu wa kulia husukuma kanyagio la usukani bila yeye kukusudia. Kishikio hakikuwa na alama. Vipimo vya mafuta navyo havikuwa na alama. Kabla ya kuondoka, Denver na fundi mmoja walizungumza juu ya ugumu wa kukifikia, wakajaribu hata kukirefusha kwa koleo la kubana, haikusaidia. Hakuongeza mafuta kwa kuwa safari ilikuwa fupi. Wachunguzi waliona kwamba alikuwa akijaribu kubadilisha tangi ndege ilipomponyoka. Walitaja kutojaza mafuta, walitaja uzoefu wake mdogo na ndege ya aina ile, na walitaja pia mahali kishikio kilipowekwa.

Mimi nikisoma kisa kile naona kitufe kilichowekwa mahali pabaya na mtu mwenye nia njema, halafu mtumiaji wa pili akarithi bila maelezo. Kazini tunaona mambo hayo kila wiki, ila kazini hakuna anayezikwa. Na si kisa cha peke yake: uchunguzi wa Marekani uliotolewa mwaka 2012 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya ajali za ndege za kujijengea zilizotokea mwaka 2011 zilihusu ndege zilizonunuliwa zikiwa zimetumika.

Wala kufuata michoro si hirizi. Mwaka 2023 wateja wa Van's waligundua nyufa ndogo kwenye vipande ambavyo matundu yake yalikatwa kwa leza, njia iliyotumiwa kuharakisha kazi wakati oda zilipokuwa nyingi. Desemba mwaka huo kampuni iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai, na ilitoka huko mwaka 2024. Kilichowaokoa wajenzi ni yale macho yao ya gereji, ya mtu anayeangalia tundu moja moja kwa taa kabla ya kuweka riveti.

Basi turudi kwa kijana wetu. Tusimkataze, tafadhali. Kumkataza tayari kumejaribiwa, na matokeo yake ni kwamba anajenga usiku. Pale Wilson kuna marubani, wahandisi wenye leseni, na klabu ya urubani ya Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1927. Kuna KCAA. Afrika Kusini, mwaka 2019, vijana 20 wa shule waliunganisha ndege ya kifurushi aina ya Sling 4 kwa majuma matatu wakisimamiwa na watu wa kiwanda, kisha ikaruka kutoka Cape Town hadi Cairo. Hizo ni pesa nyingi, najua. Lakini karakana moja yenye meza ndefu, michoro ya ndege ya mbao, na mhandisi mstaafu wa kuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi haifikii bei ya lile gari la mheshimiwa aliyeahidi msaada.

Na kwa wewe ambaye tayari umeanza, nina kazi moja ya kukupa kabla hujanunua petroli. Tuseme ndege yako na wewe ndani ina kilo 500. Ndege ndogo ya kawaida hutakiwa kuvumilia mara 3.8 ya uzito wake, halafu juu ya hapo huongezwa nusu ya ziada kwa usalama, yaani jumla mara 5.7. Hiyo ni kilo 2,850. Igeuze ndege miguu juu, iegemeze vizuri, panga mifuko ya saruji juu ya mabawa pole pole, mingi karibu na mwili na michache nchani. Kilo 50 kila mfuko, mifuko 57. Simama mbali. Ikishinda, nitumie picha, nami nitakuja na mwenzangu wa Wilson atakayekuuliza maswali magumu kuliko yangu. Soda juu yangu. Saruji siwezi, utaazima hadwea.