Daraja lisiipokonye Pangani kahawa yake

Msafiri anayetoka Tanga kwenda Bweni, Mwera au Mkwaja amezoea kusimamishwa na maji. Baada ya kilomita 50 hivi gari hufika mjini Pangani, hukuta mto umetanda mbele yake, na hapo hakuna ujanja ila kusubiri kivuko. Abiria hushuka, hunyoosha miguu, hutafuta kivuli. Mwenye haraka huhesabu magari yaliyomtangulia. Asiye na haraka huagiza kahawa.

Ni ile kahawa inayojulikana pwani nzima ya Mrima: nyeusi, chungu, haina sukari, pengine imetiwa tangawizi. Humiminwa kutoka kwenye dele lililokaa juu ya makaa na kunywewa katika kikombe kidogo kisicho na mkono, huku kipande cha kashata ya nazi au ya karanga kikisubiri zamu yake. Bei yake ni ndogo kiasi kwamba mvuvi, mwalimu na mgeni aliyeshuka jana kutoka Ulaya wanaweza kuketi benchi moja, na kila mmoja akamudu kuongeza cha pili. Wanapoketi hapo wanatazama mto wenyewe: mikoko na minazi ng'ambo, mashua zinazorudi na samaki, maji mapana yanayokaribia kuingia baharini. Miji ya pwani yenye kikao cha namna hii, katikati ya majengo ya kale na ukingoni mwa mto mkubwa, haizidi vidole vya mkono mmoja.

Sasa daraja lenye urefu wa zaidi ya mita 500 linajengwa juu ya mto huo, likiwa sehemu ya barabara ya lami itakayounganisha Tanga, Pangani na Bagamoyo kwa kupitia Saadani. Hakuna mwenye akili timamu atakayelipinga. Mjamzito wa Bweni anayehitaji hospitali usiku hapaswi kuomba kivuko kiwe upande wake, na samaki hawapaswi kuozea kwenye foleni. Lakini barabara inayofuta kusubiri hufuta pia sababu ya kusimama. Gari lililokuwa likikaa Pangani saa nzima litapita kwa dakika chache, na dereva atakunywa soda yake Tanga au Bagamoyo.

Hofu hii ina msingi, maana Pangani imewahi kupitwa. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mlango wa misafara ya kwenda Kilimanjaro na Umasaini. Pembe za ndovu zilishukia hapa, na watumwa pia. Mashamba ya miwa yalipangana kando ya mto na kulimwa kwa jasho la watu waliotekwa. Richard Burton na John Hanning Speke walipita mjini mwaka 1857 wakielekea Fuga, kwa mtawala wa Usambara. Kisha Wajerumani wakaanza kujenga reli mwaka 1893, wakaianzia Tanga, penye bandari yenye kina. Kufikia mwaka 1911 reli ilikuwa imefika Moshi, na biashara ya bara ikahamia huko. Pangani ikabaki na boma lake, nyumba zake za mawe, milango yake ya nakshi na maduka ya mtaa wa Uhindini. Majengo hayo yamesalia kwa sehemu kwa sababu mji haukuwa na fedha za kuyabomoa na kujenga mapya.

Miongoni mwa biashara zilizochukuliwa na reli na bandari ya Tanga ni ile ya kahawa. Na hapa ndipo kisa cha Pangani kinapokuwa kitamu zaidi ya kile kikombe.

Mto Pangani una urefu wa kilomita 500 hivi. Maji yake hutoka Kilimanjaro na Meru. Kikuletwa na Ruvu hukutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha mto hushuka kupitia Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani, ndipo ufike baharini. Milima hiyo miwili ndiyo nchi ya kahawa. Wamisionari Wakatoliki walipanda mibuni Kilema, upande wa Kilimanjaro, mwaka 1898. Wachagga waliikubali kwa mikono miwili, wakaanzisha chama chao cha wakulima mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika kinachofanya kazi hadi leo. Usambara nako Wajerumani walijaribu mashamba makubwa, Derema likiwa mojawapo, lakini mibuni ile haikustawi kama walivyotarajia na mkonge ukashika nafasi ya kwanza katika uchumi wa Tanga. Kwa maneno mengine, chimbuko la maji anayoyatazama mnywaji wa Pangani ni milima ileile inayozaa buni bora kuliko zote za nchi hii, na mnywaji huyo haambiwi.

Tanzania huuza nje sehemu kubwa mno ya kahawa yake. Inakwenda Japani, Ulaya na Marekani, ikanywewe na watu wanaosoma jina la Kilimanjaro kwenye pakiti. Mji ulioko mwisho wa mto wa Kilimanjaro una haki ya kuisoma pakiti hiyo kwanza. Mzigo kutoka Moshi hadi Pangani ni safari ya siku moja kwa lori. Buni zikaangwe hapa, zitwangwe kwenye kinu mbele ya mgeni, zipikwe kama zinavyopikwa siku zote, na mwenye dele aweze kueleza zilitoka kijiji gani na zilifuata mto upi. Bidhaa hiyo haina mji mwingine wa kushindana nayo.

Waliofanya kama hivi wapo. Pale Jaws Corner, ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, hakuna jumba la fahari; kuna mabaraza, mwenye kahawa, bao na mabishano ya siasa, na wageni huulizia mahali hapo kwa jina. Oman, ambako koo nyingi za pwani yetu zina asili, iliungana na Saudi Arabia, Falme za Kiarabu na Qatar, na mwaka 2015 kahawa yao ya ukarimu ikaingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Dele na kikombe kidogo vya Pangani ni ndugu wa damu wa kahawa ile.

Pia mji una ya kusimulia. Agosti 1888 wakala wa kampuni ya Kijerumani, Emil von Zelewski, alilazimisha bendera ya kampuni ipandishwe hapa, na watu wakakataa. Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa jirani na mji, akawa kiongozi wa vita vilivyoenea pwani. Tarehe 15 Desemba 1889 alinyongwa papa hapa Pangani. Habari hiyo, pamoja na ile ya watumwa waliolima miwa yenyewe, inastahili kusimuliwa na mtu aliyeketi na kikombe mkononi, bila kukimbizwa na honi ya kivuko, na isimuliwe yote, pamoja na sehemu zinazouma.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wa baraza hulipita kimya. Kashata mara nyingi hupikwa na wanawake majumbani, lakini mabenchi hukaliwa na wanaume. Kikao kipya cha ukingoni kikipangwa, kipangwe mama na binti zake wapate pa kuketi bila kutazamwa kama waliopotea njia, na wapishi wa kashata wawe na meza zao wenyewe badala ya kumpa mtu mwingine auze na kugawana faida.

Kazi inayotakiwa ni ya halmashauri, na haihitaji mabilioni. Eneo la kivuko lipimwe na litangazwe mapema kuwa la watembea kwa miguu na wauza kahawa, kabla halijagawiwa viwanja. Mabenchi yajengwe, na miti ya kivuli ipandwe. Ushuru wa mwenye dele ubaki mdogo, maana akipandishiwa atapandisha kikombe, na mvuvi atakuwa wa kwanza kuondoka benchini. Nyumba moja ya kale ikarabatiwe iwe mahali pa kukaanga na kuuzia buni. Kwenye barabara kuu kiwekwe kibao kikubwa kinachomwambia dereva wa Bagamoyo, na mgeni anayekwenda Ushongo au Hifadhi ya Saadani, kwamba mji wa kale uko dakika chache pembeni na kahawa iko jikoni. Haya yote yafanyike kivuko kingali kinavuka, wakati wauza kahawa wangali na wateja na mji una wa kuwauliza meza ikae wapi.