Kibanda cha kobayi kwa tiyo za plastiki

Wiki iliyopita mama mmoja wa kikundi chetu alinisimamisha njiani nikitoka masomoni. Alikuwa bado na fimbo mkononi. «Mwalimu, nyoka ameingia tena jikoni.» Ni mara ya pili kwa mwezi mmoja. Katika jiko hilo analala mtoto wa miaka minne pamoja na bibi yake, na chini ya kitanda chao kuna kobayi saba.

Nyoka hamfuati mtoto. Anafuata kobayi wadogo, tena anafuata panya waliokuja kula mabaki ya majani na maganda. Mtoto anaamka usiku kwenda kukojoa, anakanyaga gizani, basi. Sisi karibu wote tunafuga hivyo, chini ya kitanda au kando ya mafiga, kwa sababu kuna joto na wezi hawafiki. Sitamwambia mtu aache kobayi. Mwaka jana wawili niliowauza ndio walionunua madaftari ya binti yangu. Tuwatoe tu sakafuni.

Mimi nilianza na kibanda cha miti. Mchwa walikula miguu, mkojo ukaozesha sakafu, na harufu haikutoka hata kwa maji ya majivu. Nikajaribu tiyo za plastiki, zile za kijivu zinazouzwa Baraka kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Tiyo hailiwi na mchwa, hainywi mkojo, unaiosha na kuikausha. Ila kibanda changu cha kwanza cha tiyo kilianguka usiku wa tatu, nikapoteza kobayi wawili. Kosa lilikuwa langu, na ni kosa ambalo ninafundisha watoto wa darasa la sita kila mwaka wasilifanye: mstatili ukiusukuma pembeni unalala, pembetatu hailali. Nilikuwa nimefunga mistatili mitupu. Siku hizi kila upande mrefu na kila upande mfupi naweka waya mbili za mshazari, kutoka kona ya juu hadi kona ya chini iliyo mbali, zikipishana kama herufi X. Nazikaza kwa kuzisokota na kijiti. Hakitikisiki.

Vipimo vyangu ni hivi: urefu mita 1, upana sentimeta 60, kimo cha sanduku sentimeta 40, na miguu inashuka sentimeta 60 chini ya sakafu. Hapo wanakaa dume mmoja na majike wanne bila kubanana. Inahitaji tiyo mbili za mita 6, zenye unene wa milimeta 32. Mwombe muuzaji akate kila moja katikati, maana nani atapanda mlima na tiyo ya mita 6 kichwani? Tiyo ya kwanza inatoa vipande sita vya mita 1. Nusu moja ya tiyo ya pili inatoa viwili vya mita 1 na kimoja cha sentimeta 60. Nusu nyingine inatoa vinne vya sentimeta 60. Vya mita 1 ni vinane: minne ni miguu, minne ni ya urefu. Vifupi vinne ni vya upana, cha tano unakipitisha chini ya sakafu katikati ili wavu usilegee. Mabaki usitupe.

Kona hazihitaji gundi. Toboa tundu kwa msumari uliopashwa moto, pitisha waya, sokota, halafu zungushia juu yake utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli, ukiuvuta sana. Kazi ya msumari ifanyike nje, upepo ukikupiga mgongoni. Na tafadhali, vipande vya tiyo visiingie kabisa kwenye moto wa kupikia. Moshi wake ni sumu, unachoma koo na mapafu.

Wavu ufungwe kwa ndani ya tiyo, siyo nje, kwa sababu meno ya kobayi hayaachi kukua na watatafuna plastiki yote wanayoifikia. Matundu yasizidi sentimeta 1. Wavu wa kuku wa matundu makubwa unamwachia nyoka mwembamba mlango, tena miguu ya vitoto vilivyozaliwa jana inanasa humo. Nusu ya sakafu weka ubao na majani makavu juu yake. Huku kwetu juu usiku ni baridi, na kobayi anayekaa kwenye wavu mtupu anakohoa. Kifuniko natengeneza cha fito na wavu, bawaba zake ni mpira uleule, na jiwe juu. Weka kibanda kivulini. Jua likiipiga tiyo miaka miwili inakuwa kama ganda la yai.

Ikipasuka, ndipo mabaki yanafaa. Chonga kijiti kinachoingia kwa nguvu ndani ya tiyo, kipite pande zote mbili za ufa. Kisha chukua kipande cha tiyo, kipasue kwa urefu, kilainishe kwenye maji yanayochemka, kivishe juu ya ufa na ukifunge kwa mpira kikiwa bado moto. Mguu niliotengeneza hivyo ni wenye nguvu kuliko mitatu mingine.

Jambo moja linaniudhi. Nimesikia kuna waliokata tiyo ya maji ya kijiji ili wapate vipande vya bure. Ile nyeusi inayoviringishwa haifai hata kwa kibanda, inajikunja tu. Na wakati huo wamama wa bomba la chini wanateka maji mtoni.

Kama nyoka ameshamuuma mtu: msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza, msiweke jiwe jeusi, halivuti sumu. Mvueni bangili na pete kabla hajavimba, mlazeni, fungeni kiungo kwa mti kama aliyevunjika ili kisicheze, mbebeni haraka kwenye kituo cha afya. Asitembee mwenyewe.

Jumamosi saa tatu asubuhi tutajenga kibanda kwa yule mama. Tiyo tayari zimefika. Kunakosekana mipira mibovu ya baiskeli na msumeno wa kukatia chuma. Wangu umebaki na meno nusu. Mwenye navyo aje navyo.