"Aina ya Mti": Msitu wa Karura na Deni la Msamiati Wetu

Wahenga walisema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mimi ninayo macho, na bado ilibidi niambiwe. Jumamosi moja ya mwezi wa Machi nilikuwa nikitembea katika msitu wa Karura, kaskazini mwa jiji la Nairobi, nilipomkuta mzee mmoja amesimama chini ya mti mrefu akitazama juu. Nilimwamkua, naye akaniuliza kazi yangu. Nilimjibu kwa fahari kwamba mimi ni mwanafunzi wa Kiswahili katika shahada ya uzamili.

"Vyema, mwanangu," akasema. "Basi niambie, mti huu kwa Kiswahili huitwaje? Na ndege huyu anayelia ni nani?"

Nilibabaika. Nilijua ngeli ya mti na ngeli ya ndege. Ningeweza kumweleza upatanisho wa kisarufi wa maneno hayo mawili hadi jua lichwe. Majina, hata hivyo, sikuwa nayo. Mzee hakunicheka. Aliniambia kwamba kwao mti ule ni mukinduri, na kwamba ndege yule akianza kulia vile, mkulima mwenye busara huwa amekwisha kunoa jembe. Siku tisa baadaye mvua ya kwanza ya masika ilinyesha.

Nilirudi chuoni nikafungua kamusi. Ndugu msomaji, jaribu nawe ufanye hivyo. Ukitafuta majina ya mimea na ndege katika kamusi zetu, aghalabu utakutana na maelezo ya aina moja: "aina ya mti", "aina ya ndege", pengine na neno moja la kuongezea kuhusu ukubwa au rangi. Silengi kuwakosea heshima walioziandika, maana kazi yao ni kubwa na sote tunaila matunda yake. Hoja yangu ni kwamba maelezo hayo yanamfaa tu mtu ambaye tayari anaujua mti wenyewe. Msomaji aliyelelewa Mombasa au Lamu huenda akaelewa. Sisi wa bara tunakariri jina bila mti, kisha tunapita chini ya mti bila jina.

Tangu siku ile nimekuwa nikienda Karura kila Jumamosi nipatapo nafasi, na daftari mkononi. Sasa ni mwaka wa pili. Nimejifunza kwamba majira hayaji kwa kishindo. Huja kwa dalili ndogo ndogo ambazo mpita njia wa mara moja hawezi kuziona. Mwezi wa Januari na Februari vumbi hutanda vijiani, na majani ya mukinduri hugeuka rangi ya chungwa kabla ya kudondoka; yaliyolala kifudifudi huonyesha migongo yao ya rangi ya fedha. Machi huingia yule ndege wa mzee, ambaye ni kekeo mwenye kifua chekundu. Hulia sauti tatu zinazoshuka, tena na tena, wakati mwingine hata usiku. Hana kiota chake: hutaga katika viota vya ndege wengine na kuwaachia malezi. Aprili, mvua ikishanyesha, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, na msitu mzima hugeuka karamu ya ndege na kima. Juni hadi Agosti ukungu hushuka, sauti hupungua, na mtembezi huvaa sweta. Oktoba mijakaranda ya barabarani huutandika mji zulia la zambarau, ingawa mti huo ni mgeni kutoka Amerika Kusini. Kipindi hicho hicho mbayuwayu na keremkerem huwasili kutoka Ulaya wakikimbia baridi ya huko, nao hukaa nasi hadi Machi au Aprili.

Labda msomaji atauliza: haya yanahusu nini Kiswahili? Yanahusu mambo matatu.

La kwanza ni uandishi wetu. Wengi wetu tulifunzwa insha kwa kukariri mianzo. Jua lilichomoza mashariki, ndege wakaimba nyimbo tamutamu, mawingu mazito yakatanda. Ni ndege gani? Waliimba mwezi gani? Hakuna aliyetuuliza, nasi hatukujiuliza. Tulipata alama, lakini tulizoea kuandika mazingira ambayo hatujawahi kuyatazama. Mazoea hayo yametufuata hadi chuoni. Nimesoma hadithi fupi za wenzangu, na zangu pia zimo, ambamo mvua kubwa inanyesha Nairobi mwezi wa Agosti kwa sababu tu mhusika ana huzuni.

La pili ni tafsiri. Tunapokutana na misimu minne ya Ulaya, hutwaa maneno yetu ya majira na kuyavisha maana ya kigeni. Vuli hufanywa majira ya majani kupukutika, na kipupwe majira ya theluji. Baada ya muda mwanafunzi hajui tena kwamba vuli ni mvua za Oktoba hadi Disemba, zile zile zinazomnyeshea akienda mihadhara. Neno linapotumiwa kutaja kitu cha mbali, kile cha karibu hubaki yatima.

La tatu ndilo zito zaidi. Wapo wanaodai kwamba msamiati wa majira wa Kiswahili ni wa pwani, wa mabaharia, na hautufai sisi wa bara. Nami niliamini hivyo kabla ya kuanza matembezi. Kumbe upepo ni mmoja. Kaskazi inayovuma Lamu kuanzia Disemba hadi Machi hutufikia hata huku juu, ikileta jua kali na vumbi. Kusi inayoipokea ndiyo iletayo mawingu na baridi ya katikati ya mwaka. Masika huja kaskazi inapoiachia kusi nafasi, na vuli huja kusi inapoirudishia kaskazi zamu. Mababu wa pwani waliyapima mabadiliko hayo kwa mwaka wa jua unaoanzia Nairuzi, wakihesabu siku kwa miongo, yaani makumi, ili wajue lini wapande na lini watweke tanga. Msamiati huo ulitokana na kutazama. Hatuwezi kuurithi kwa kukariri tu.

Yapo pia majina ambayo Kiswahili hakina, au hayajaenea. Hapa nina pendekezo litakalowakera baadhi ya wahadhiri wangu: tuyachukue kwa majirani zetu. Lugha hii haikuona haya kuchukua kutoka Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza. Itaonaje haya kuchukua kutoka Kikuyu, Kimaasai au Kikamba? Mukinduri ungeweza kuwa mkinduri, wingi mikinduri, na kuingia katika ngeli ya U-I bila kubisha hodi. Muhugu, ambao mbao zake wachongaji wa vinyago wanazijua sana, unapatikana Karura na pia katika msitu wa Arabuko-Sokoke kule Kilifi, na jina hilo hutumika kwa Kiswahili na kwa Kikuyu pia. Mti huo umekwisha kufanya kazi ambayo sisi bado tunaijadili katika semina. Atakayesema kwamba kila kabila lina jina lake na tutachanganyikiwa, nitamjibu kwamba hiyo ndiyo kazi ya wanaisimu: kukusanya, kulinganisha na kusanifisha. Hatuwezi kusanifisha tusichokikusanya.

Tusisahau vilevile kwamba msitu huu una deni nasi, nasi tuna deni nao. Tarehe 8 Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walishambuliwa na kujeruhiwa walipokwenda Karura kupanda miti, wakati ardhi ya msitu ilipokuwa ikigawiwa watu binafsi. Mwezi huo huo wanafunzi wa vyuo vikuu jijini waliandamana kuutetea. Waliotutangulia katika madawati haya walipigwa kwa ajili ya miti ambayo sisi hatuijui hata kwa jina. Na kitu kisicho na jina ni rahisi kukifyeka, kwani nani atakililia?

Haja ya kutazama imezidi siku hizi. Kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua mfululizo ilifeli katika sehemu kubwa za nchi yetu. Kisha masika ya 2024 yakaleta mafuriko yaliyoua watu. Iwapo majira yanabadilika, ni nani atakayeandika kwa Kiswahili kwamba kekeo alichelewa, au kwamba kumbikumbi walitoka kabla ya wakati wao?

Ndiyo maana napendekeza kwamba chama chetu kianzishe daftari la majira. Kila mwanachama achague njia moja na kuipita kila wiki. Asiye na nauli ya Karura ana miti ya chuoni, nayo haina kiingilio. Aandike tarehe, alichokiona, jina lake kwa Kiswahili, na jina lake katika lugha ya kwao. Mwisho wa mwaka tuyachapishe katika jarida hili, na mahali pa "aina ya mti" tuandike umbo, jani, ua na mwezi wa kuchanua.

Mimi nimekwisha kuanza. Mzee yule nimemwona mara nyingine mbili, na mara ya pili nilimtajia majina ya ndege watatu kabla hajaniuliza. La nne nililikosea, naye akanisahihisha.